Tundu Chini ya Minyaa

Mvua ya kwanza ya Novemba ilipoilowesha Ipuli
na kumbikumbi wakajimwaga kwenye taa ya uani,
alikuja.
Sikumwona kwanza; nilimsikia.
Mtafunaji asiye na adabu,
nyam, nyam, kama mtoto aliyefichwa karanga akazipata.

Kalunguyeye.
Kiganja kimoja cha miiba,
na pua ndefu yenye unyevu
inayouliza kila jani swali lile lile.
Alipita kwenye matembele, akakagua mchicha,
akala jongoo mzima kuanzia kichwani
(sikudhani yupo kiumbe wa kutamani jongoo),
akatokea tundu la chini ya minyaa
bila kuaga.

Kesho yake, saa tatu kasorobo, huyo tena.
Kesho kutwa vilevile.
Treni ya Kigoma huchelewa; yeye hachelewi.
Nikaanza kusema "kalunguyeye wangu."
Nikamwekea sahani ya maji. Maziwa hapana,
Mihayo wa mifugo alinionya yatamharisha.
Nikampa na jina: Karani,
kwa jinsi anavyopita akihesabu vitu visivyo vyake.

Mimi ni msusi. Rangi za kucha ninazo chupa thelathini.
Usiku mmoja alijikunja mpira mbele ya ndala zangu,
nikachukua nyekundu, ile ya maharusi,
nikamdondoshea tone kwenye miiba ya mgongoni.
Nilitaka tu kujua:
ni yeye, au ni wengi wenye uso mmoja?

Jumamosi, Nyamizi akaja uani.
Nyamizi wa upande wa pili wa minyaa,
tuliyenuniana naye misimu miwili ya mvua
kwa ajili ya hatua moja na nusu ya ardhi
na maneno niliyomwambia, ambayo siyaandiki hapa.
Hakunisalimu. Alisema:
"Una spiriti ya kidonda? Wangu ameumia. Ana damu mgongoni."
"Wako nani?"
"Kifurushi."

Nilicheka mpaka nikashika nguzo.
Yeye alikaza uso, hadi nilipomwonyesha chupa.

Ndipo tukaanza kuulizia.
Kwa Masesa, fundi baiskeli, anaitwa Brashi,
hufika saa nne kusafisha mende wa stoo.
Kwa mama Kabula, kule karibu na reli, ni Bibi,
na wanaapa ni jike.
Kwa mlinzi wa ghala la tumbaku hana jina,
"yule mwenzangu," basi.
Usiku mmoja, nyumba tano, majina manne,
na vile vimiguu, vidole vinne vinne kwa nyuma,
havijawahi kusikia habari za kiwanja cha mtu.

Msidhani lakini kwamba ni mpenda kundi.
Januari nilimwona akikutana na mwenzake asiye na doa,
penye sahani yangu.
Walivimba. Walipuliza kama pampu ya Masesa.
Wakazungukana, vichwa chini, miiba imeshushwa hadi machoni,
wakazungukana tena, hata nikachoka mimi,
kisha kila mmoja akashika njia yake.
Mshindi hakuwapo.
Undugu wao ni kupishana:
huyu saa tatu, yule saa saba,
sahani ile ile.

Nyamizi akasema, "Kama sisi."
Nikasema, "Sisi hatupishani. Tunanuniana."
Akasema, "Basi tupishane."

Ni Juni sasa. Udongo umepasuka kama visigino.
Karani kajichimbia mahali, chini ya gogo, ndani ya kichuguu,
analala njaa ya kiangazi.
Au mbwa. Au lori la tumbaku.
Sijui. Nyamizi naye hajui; aliniuliza jana, juu ya minyaa,
sauti yake ikijifanya haina haraka.

Leo asubuhi kaja kijana wa kuziba tundu,
mwanangu ndiye aliyemwita, kwa hofu ya nyoka.
Nikamwambia aache.
Upande wa pili nikasikia jembe likisimama,
kisha likaendelea.

Hatua moja na nusu bado hatujakubaliana.